Hodi za Usiku

Katika nyumba yetu ya Rungwe, mkoani Mbeya, hodi ya usiku wa manane haikuwa habari ya msiba. Majirani wengi hushtuka mlango ukigongwa saa nane za usiku, kwa maana mara nyingi anayegonga wakati huo amekuja kusema kwamba fulani hatunaye tena. Sisi watoto tulijigeuza tu kitandani, kwa kuwa tulijua kwamba mahali fulani chini ya vilima, penye migomba na ukungu, ng'ombe ameshindwa kuzaa au amelala chini na hataki kuinuka. Mama, aliyekuwa daktari wa mifugo, aliitikia hodi hiyo kabla hajawasha taa. Hakuanza kwa kuuliza jina la mgeni wala kijiji atokacho. Aliuliza, "Ameacha kula tangu lini?" na mtu wa nje alipokuwa bado anajibu, tulikwisha kusikia gambuti zikivutwa kutoka chini ya kitanda.

Ninaandika haya zaidi ya mwaka mmoja tangu tulipomzika Mama. Siku ya maziko ulisomwa wasifu wa marehemu, kama ilivyo desturi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, ameacha watoto wanne na wajukuu saba. Kila neno lilikuwa la kweli, nami ndiye niliyeuandika usiku ule kwa haraka, lakini niliposikia ukisomwa kwenye kipaza sauti niliona kwamba mtu aliyeelezwa mle angeweza kuwa mtumishi yeyote wa serikali wa rika lake. Hapakuwa na harufu ya dawa ya kupe mle. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Nimekaa na aibu hiyo muda wa kutosha, na makala haya ni deni ninalolilipa.

Mama alizaliwa katika ukoo wa Wanyakyusa, watu ambao tangu kale ng'ombe amekuwa kwao kitu kikubwa kuliko mali. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba nyumba za wazee zilijengwa ndefu, watu wakilala upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, na kwamba mtoto aliyelelewa humo aliweza kutambua pumzi ya mnyama mgonjwa kabla hajajua kuhesabu. Nyumba za namna hiyo zilikwisha kutoweka Mama alipokuwa msichana, lakini sikio hilo alilirithi. Baada ya sekondari alikwenda kusomea mifugo Mpwapwa, akafanya kazi vijijini kwa miaka kadhaa, kisha, akiwa tayari na watoto wawili, akachaguliwa kwenda kusoma shahada ya tiba ya wanyama Morogoro. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Aprili wa mwaka huohuo, si mbali na Morogoro. Wasichana wa darasa lake, alituambia, hawakutimiza vidole vya mkono mmoja.

Shahada hiyo huchukua miaka mitano. Mimi nilikuwa wa pili kati ya watoto hao wawili, na miaka hiyo niliimaliza mgongoni na mapajani mwa Bibi. Mama alikuja wakati wa likizo kwa basi lililopita Mikumi, likapanda Kitonga, likapita Iringa na Makambako, naye akashuka Mbeya akiwa amevimba miguu, kisha akatafuta gari la kumleta Tukuyu. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kutukumbatia lilikuwa kuvuta kope za chini za macho yetu na kutazama rangi ya ndani, kuona kama damu imepungua, kama anavyotazamwa mbuzi mwenye minyoo. Bibi hakupendezwa. Alisema mtoto wa mtu si mfugo. Mimi nilipenda sana, kwa sababu ili kutazama vizuri ilimbidi asogeze uso wake karibu kabisa na wangu.

Aliporudi na shahada yake na kupangiwa kazi nyumbani Rungwe, watu hawakuwa na jina la kumwita. Mtaalamu wa mifugo kijijini aliitwa bwana mifugo, basi naye akawa bwana mifugo. Nakumbuka nikiwa mdogo, nimefuatana naye, mzee mmoja alitupokea kwa heshima zote, akatuwekea kigoda, akatuletea ndizi za kuchoma, kisha akakaa kimya akitazama njia. Baada ya muda alimwuliza Mama, "Sasa binti yangu, bwana mifugo mwenyewe anafika saa ngapi?" Mama alimjibu kwa upole kwamba amekwisha kufika, akavua koti, akakunja mkono wa shati mpaka begani na kuomba maji ya moto na kipande cha sabuni. Siku ile ndama alikuwa ametanguliza miguu ya mbele lakini kichwa kimegeukia nyuma. Kwa hali kama hiyo kuvuta ni kuua. Humpasa mtu amrudishe ndama ndani kwanza, asubiri ng'ombe apumzike kati ya uchungu mmoja na mwingine, apate nafasi ya kuingiza kiganja na kukamata taya, akigeuze kichwa kifuate miguu, ndipo kamba zifungwe juu ya vifundo na kuvutwa mguu mmoja baada ya mwingine, kuelekea chini, pamoja na nguvu ya ng'ombe mwenyewe. Mama alilala kifudifudi kwenye matope ya banda karibu saa nzima. Ndama alipotoka hakupumua. Mama alimfuta ute mdomoni, akachukua unyasi mkavu akamchokoa puani, akamsugua mbavu kwa gunia mpaka akapiga chafya. Mzee yule aliinama, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Mama," yaani asante sana. Tangu siku ile upande ule wa bonde aliitwa Mama Daktari, na jina hilo likapanda taratibu mpaka kwetu.

Inafaa nieleze kidogo ufugaji wa kwetu, kwa ajili ya msomaji ambaye akisikia ng'ombe wa Tanzania huona makundi makubwa yakifuata malisho. Rungwe ni nchi ya mvua. Zipo sehemu zake zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ardhi yake imejaa migomba, chai, kahawa na viazi kiasi kwamba hakuna mahali pa kuachia kundi. Kwa hiyo kaya huwa na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, machotara wa Friesian au Ayrshire, wanaofungwa bandani mwaka mzima na kukatiwa majani: matete, majani ya Guatemala yaliyopandwa kwenye kingo za mashamba, na wakati wa kiangazi hata migomba iliyokatwakatwa. Wengi walipata ng'ombe wa kwanza kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo anayepewa mtamba hurudisha ndama jike wa kwanza ili apewe jirani. Ng'ombe huyo mmoja ndiye ada ya shule, ndiye mbolea ya migomba, ndiye sukari na mafuta ya taa. Akifa, si hasara ya sehemu ya mali. Ni nyumba nzima iliyozimika, na Mama aliingia katika kila banda akilijua hilo.

Adui yake mkubwa alikuwa ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni, na kwa ng'ombe wa kigeni au chotara usipowahiwa huua karibu kila anayeugua. Kwanza huvimba tezi chini ya sikio na mbele ya bega, joto hupanda kutoka nyuzi 38 au 39 za kawaida mpaka 41 au zaidi, ng'ombe huacha kula, na mwishoni mapafu hujaa maji na povu likatoka puani. Dawa ipo, buparvakwoni, lakini ilikuwa ghali na hufanya kazi vizuri ikitangulia povu. Hii ndiyo maana ya lile swali lake la mlangoni. Aliyejibu "tangu leo asubuhi" alimkuta Mama anatembea kwa matumaini. Aliyejibu "tangu juzi" alimwona anaanza kukimbia.

Kuna mjane mmoja wa upande wa Isongole ambaye ng'ombe wake aliugua ndigana kali, naye akaapa kwamba mnyama huyo hajawahi kutoka bandani tangu aletwe. Watu wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi na kutaja jina la jirani. Mama alimtibu ng'ombe, kisha badala ya kuondoka akamwomba mjane amwonyeshe anakokata majani. Walikwenda pamoja mpaka kando ya njia wanakopitishwa ng'ombe wa mnadani. Mama akavuta nyasi, akazitikisa juu ya kanga nyeupe aliyokuwa ameitandika, na kupe wadogo wakaanza kutambaa juu ya kitambaa. Alimwita jirani yule aliyetajwa naye aje aone. Kwa maoni yangu, tiba ya siku ile ilikuwa ile kanga zaidi ya sindano, na nilipokuwa mwalimu baadaye nilijifunza kutoka kwake kwamba mtu haambiwi jambo ambalo anaweza kulitazama kwa macho yake.

Nyumbani kwetu palikuwa na chupa mbili za chai, na kila mtoto aliyekuja kututembelea alionywa mapema ipi haiguswi. Ya pili ilikuwa ya uhimilishaji, yaani kumpandikiza ng'ombe mbegu bila dume. Mbegu za madume bora huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi wake ulikaa pembeni ya sebule yetu kama mgeni wa heshima. Mbegu zenyewe zilitoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, ng'ambo ya pili ya nchi, na naitrojeni ikichelewa Mama alikosa usingizi, maana mtungi ukikauka kazi yote imepotea. Mkulima alipoleta habari kwamba ng'ombe wake yuko kwenye joto, yaani anataka dume, hesabu ilikuwa rahisi: aliyeonekana asubuhi huhimilishwa jioni, aliyeonekana jioni huhimilishwa kesho asubuhi, na akikosa, mngoje siku 21. Mrija wenye mbegu uliyeyushwa ndani ya maji ya uvuguvugu kutoka katika ile chupa, kisha, kwa sababu ya baridi ya kwetu mwezi wa Juni na Julai, Mama aliutia ndani ya nguo kifuani, mahali ambapo wanawake wengine huweka fedha zilizofungwa kwenye ncha ya kanga, akatembea nao hivyo mpaka bandani ili usipoe. Ng'ombe wengi wa kata yetu walianza safari yao ya kuja duniani wakiwa wamebebwa hivyo, na mimi sioni namna nyingine ya kuieleza kazi yake na umama wake kwa pamoja iliyo sahihi zaidi.

Lakini sitaki kuandika kana kwamba hatukupungukiwa. Tulipungukiwa. Siku ya mahafali yangu ya darasa la saba alifika wakati viti vinakusanywa. Mdogo wangu alipougua malaria kali alilala usiku wa kwanza na Baba pekee, kwa sababu Mama alikuwa Mwakaleli na mvua ilikuwa imekata njia. Baba, ambaye alikuwa fundi seremala na mtu wa maneno machache, ndiye aliyetufundisha kupika, kufua na kuchana nywele za dada zetu, na wanaume wenzake walimsema kwa hayo miaka mingi. Ni haki yake litajwe hapa, maana bila yeye Mama Daktari asingekuwepo. Tulimwuliza mara moja kama hachukii kuachwa kila usiku. Alisema kwamba alimwoa akijua, na akaendelea kupiga randa.

Jambo zito kuliko yote lilitokea mwaka niliomaliza kidato cha nne. Aliitwa usiku wa mvua kubwa kwa ng'ombe aliyezaa siku moja kabla. Mnyama alikuwa amelala, shingo imepindwa kuelekea ubavuni, masikio ya baridi: homa ya maziwa, ambayo licha ya jina lake huupoza mwili badala ya kuuchemsha, kwa kuwa kalsiamu nyingi ya damuni imekimbilia kwenye kiwele. Tiba yake ni chupa ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo, na ikifanywa vyema ng'ombe aliyeonekana maiti huinuka mbele ya macho ya watu. Sharti lake ni moja: iingie polepole, huku daktari akisikiliza moyo, kwa sababu ikiingia kwa haraka moyo husimama. Tochi ilikuwa inakufa. Mtu mwingine alikuwa amesimama mlangoni akimngoja ampeleke kijiji cha pili. Mama aliinua chupa juu kuliko ilivyostahili. Ng'ombe akatetemeka, akanyoosha miguu, akafa.

Mwenye ng'ombe alianza kumshukuru. Alimwambia kwamba amejitahidi, kwamba ugonjwa ulikuwa umemzidi, kwamba kila kitu ni mipango ya Mungu. Angeweza kuitikia na kwenda zake, na hakuna mtu yeyote duniani ambaye angejua. Mama akamwambia, "Hapana, baba. Ugonjwa ulikuwa unatibika. Ni mkono wangu." Kisha akarudi nyumbani alfajiri, akamweleza Baba, na kabla ya jua kupanda akanitaka nimsaidie kumfungua mtamba wetu, mwenye mimba ya miezi sita, tumpeleke kwa yule mtu.

Mtamba yule alikuwa wangu. Hakuwa wangu kwa karatasi, lakini ilikubaliwa nyumbani kwamba nikichaguliwa kidato cha tano atauzwa kwa ajili ya ada, godoro, sanduku na nauli. Nilimwambia Mama maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimwambia kwamba ana huruma na watoto wa watu wote isipokuwa wake. Hakunijibu, wala hakunipiga, ingawa wanawake wa rika lake wangenipiga. Alinikabidhi kamba. Tulitembea karibu saa mbili, mimi mbele na mtamba, yeye nyuma akiwa na fimbo ambayo hakuitumia hata mara moja, na nilipogeuka kwenye kivuko cha mto nilimwona analia bila sauti, na sikujua kama analilia ng'ombe aliyekufa, au mtamba, au mimi.

Nilifika shuleni nimechelewa majuma mawili, kwa fedha alizokopa katika chama chake cha akina mama. Alilipa mkopo huo mwaka mzima. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto wangu, na hadi leo sijaamua kama alitutendea haki. Ninachojua ni kwamba kila kijana aliyekuja kufanya mafunzo ya vitendo chini yake alisimuliwa habari ya chupa ile, siku ya kwanza, kabla hajaruhusiwa kushika sindano, naye hakuficha hata sehemu ya tochi.

Miaka iliyofuata nitaipita kwa haraka, maana ilifanana: karantini za homa ya mapafu ya ng'ombe iliyoenea nyanda zetu katika miaka ya 1990, minada ikafungwa na watu wakamlaumu yeye, serikali kupunguza huduma za bure, dawa na uogeshaji vikawa vya kulipiwa, na Mama akaanza kuandika madeni ya watu katika daftari ambalo hakuwahi kulidai. Sikuona akikata tamaa katika hayo yote.

Nilimwona amekata tamaa mara moja tu, kati ya mwaka 2010 na 2011, homa ya nguruwe ya Afrika ilipoingia Mkoa wa Mbeya. Kyela iliguswa, Rungwe ikaguswa, kisha ugonjwa ukaendelea na safari mpaka Dar es Salaam. Ugonjwa huo hauna dawa wala hatukuwa na chanjo yake. Nguruwe aliyekula vizuri asubuhi huonekana mwekundu masikioni na tumboni, na baada ya siku chache banda zima ni tupu. Kazi ya daktari wakati huo ni kuzuia nyama isisafirishwe, kusimamia mashimo ya kuzikia, na kuwaambia watu maneno wasiyotaka kusikia. Wengi walioumia walikuwa wanawake, kwa sababu nguruwe ndiye mfugo ambao mwanamke anaweza kuuanza kwa fedha kidogo na kuuita wake. Mama alikuwa karibu kustaafu. Alirudi jioni na gambuti zimejaa chokaa, akakaa jikoni bila kuwasha taa. Nilimpelekea chai. Akaniambia kwamba katika kazi yake yote alikuwa amezoea kuleta mkoba, na kwamba siku hizo alikuwa anawatembelea watu mikono mitupu, akakaa nao tu kwenye ukingo wa shimo. Nilimwambia kukaa huko nako ni kitu. Alitikisa kichwa, akanywa chai.

Baada ya kustaafu aliishikilia vita moja aliyoiona imesahauliwa, nayo ilikuwa tegu wa nguruwe. Katika vijiji vingi vya nyanda za juu kusini nguruwe walikuwa wakiachwa wazurure, na vyoo vikawa haba au vibovu. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, nyama yake hujaa vilengelenge vyeupe kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu huyo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au maji machafu, vilengelenge hivyo huweza kuota ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Mama alikuwa ameona watoto waliotolewa shule kwa sababu ya kifafa, wengine wakisemwa wamelogwa, huku chanzo kikiwa kimelala kwenye banda lisilo na mlango. Alikwenda kwenye makanisa, kwenye vilabu, kwa wauza kitimoto. Alisema maneno matatu yaleyale, fungia nguruwe, chimba choo, ivisha nyama, kwa subira ambayo mimi niliye mwalimu sikuwa nayo. Hakulipwa na mtu yeyote kwa kazi hiyo. Nauli ya bodaboda aliitoa kwenye pensheni yake.

Alifariki usingizini, mwezi wa Aprili, mvua zikiwa katikati. Nilitoka Mbeya usiku uleule, na nilipofika alfajiri nilisikia ng'ombe wake wawili wanalia bandani. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuwakatia majani. Nilisimama pale nikiwa na aibu ya mtoto wa daktari wa mifugo ambaye msibani kwake ng'ombe wana njaa, nikaanza kutafuta panga.

Sikulihitaji. Walikuwa wanakuja. Kwenye njia ya kutoka barabarani kulikuwa na mstari wa wanawake, kanga zimelowa, kila mmoja amebeba mzigo wa majani kichwani. Hawakuwa wameambiana. Kila mmoja alikuwa amewaza peke yake kwamba nyumbani kwa Mama Daktari leo hakuna mtu wa kukata majani, na kwamba yeye mwenyewe asingekubali ng'ombe alale njaa. Walitua mizigo mbele ya banda, wakajipangusa, ndipo wakaanza kulia. Mpaka siku ya maziko yalikuwa matete, majani ya Guatemala na mashina ya migomba kufika usawa wa paa, na ng'ombe wale wawili walikula majuma matatu. Yule mjane wa Isongole, ambaye sasa ni mzee sana na hutembea kwa mkongojo, aliletwa na mjukuu wake. Mzigo wake ulikuwa mdogo kuliko wote. Kabla ya kuutua aliukung'uta juu ya kanga yake, akainama na kutazama kwa makini.

Wasifu nilioandika usiku ule ningeuandika upya kutokana na mstari ule wa wanawake, lakini nilipolitambua hilo nilikuwa nimekwisha kuutoa kwa msomaji.

Simu yake ninayo mimi. Ndugu zangu walitaka laini ifungwe, nikawaomba waiache, kwa sababu namba ile imeandikwa kwa mkaa na kwa rangi kwenye milango ya mabanda mengi nisiyoyajua. Wengi wa wanaopiga wamekwisha kusikia habari. Wanapiga kunipa pole, au kuniambia kwamba ndama fulani amezaliwa salama. Wengine hawajasikia. Hao nimewaandalia namba ya kijana mmoja wa Tukuyu, daktari aliyefanya mafunzo yake chini ya Mama na ambaye, nimeshuhudia mwenyewe, hushika chupa ya kalsiamu chini kabisa huku sikio lake likiwa kifuani mwa ng'ombe.

Juma lililopita iliita saa tisa za usiku. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi, akipumua kama aliyekimbia, na nyuma yake nilisikia mvua ikipiga bati. "Shikamoo Mama Daktari," alisema. "Baba amesafiri. Ng'ombe wetu hataki kuinuka." Nilitaka kumweleza kwamba Mama hayupo. Badala yake nilijikuta nimekwisha kuuliza, "Ameacha kula tangu lini?"

"Tangu jioni," akasema.

Nikawasha taa, nikatafuta kalamu.